Silabi Iliyobaki Nje ya Mlango

Saa mbili asubuhi mkaa umekwisha kushika, na Dada Mdogo anajaza maji kinywani. Anainama juu ya joho jeupe lililolazwa mezani, anabana midomo, kisha anayapuliza maji yale, nayo yanatoka kama ukungu, sawasawa, kutoka begani hadi kwenye pindo, kwa pumzi moja. Hakuna tone linaloanguka. Ndipo anapoinua pasi, anaisogeza karibu na shavu kupima joto lake, na kuanza na kola.

Chupa za kurashia maji zipo. Zimepangwa dirishani, na mwenye duka hili la dobi alimwambia siku moja, kwa adabu, kwamba wapo wateja wasiopenda kuvaa mate ya mtu. Dada Mdogo alimjibu kwamba chupa haina pumzi. Hakuambiwa tena.

Kwenye rafu, redio inamaliza tangazo la mabati na kuanza wimbo. Kinanda kinatangulia, kisha zinaingia sauti mbili za wanawake, moja nyembamba, nyingine nzito, zikifuatana kama watu wanaopita kwenye ukingo mwembamba. Ni mwezi wa Desemba. Katika mwezi huu wimbo huo hauna pa kukosekana: upo dukani, upo stendi, upo kwenye simu za wanaosubirishwa na kampuni mbalimbali.

"Dada Mdogo, unaitwa huko!" anasema mwenzake wa meza ya pili.

"Nimesikia."

"Umenizidi, mama. Mimi jina langu redioni hulitaja siku wakitangaza nimekatika."

Mwenzake huyo anaitwa Umeme, kwa sababu anatumia pasi ya umeme, na kwa sababu umeme ukikatika yeye hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kutoa ushauri. Leo umeme upo. Anapiga pasi suruali huku akiimba, na mstari wa mwisho wa kiitikio unapofika anaunyanyua kwa kifua chote: "Mlango hatukufungaaa!"

Pasi ya Dada Mdogo inasimama. Pasi ya mkaa haisimami juu ya kitambaa cheupe bila kuacha kumbukumbu, na yeye anajua hivyo kuliko mtu yeyote chumbani. Anainyanyua kabla joho halijaungua. Haimbi, wala hamsahihishi. Amechoka kumsahihisha.

Neno lenyewe ni *hatukufungua*.

Sauti nyembamba iliyo redioni ni yake. Ile nzito ni ya dada yake, ambaye ndiye aliyeutunga wimbo. Enzi zile walijulikana kwa jina la Dada Wawili, na waliimba nyimbo za injili kwenye makanisa, kwenye misiba na kwenye mikutano ya hadhara, wakisafiri na kinanda kimoja kilichofungwa ndani ya blanketi. Umaarufu umekwisha, majina yamebaki. Amekula chumvi nyingi, ana wajukuu, mgongo unamsumbua, bado anaitwa Dada Mdogo.

Kiitikio, kama kilivyotungwa, kinasema hivi:

*Alipita mgeni, akabisha, akaita,*
*sisi ndani tumelala, taa tumezima,*
*mlango hatukufungua.*

Ni wimbo wa toba. Msemaji wake si mchungaji wala malaika. Ni mtu wa nyumba ile ambayo haikuwa na nafasi, naye anakiri. Lakini watu waliupokea kama wimbo wa shangwe, na kwa miaka yote hii wameimba kwamba mlango hawakuufunga. Huimbwa hivyo kwenye ibada za Krismasi. Huimbwa hivyo harusini. Ipo hoteli iliyouandika mstari huo juu ya lango lake, chini ya kamera ya ulinzi. Kwa nini mgeni abishe hodi kwenye mlango ulio wazi ni swali ambalo inaelekea hakuna aliyejishughulisha nalo. Mhubiri mmoja aligusia kidogo: alieleza kwamba mgeni alibisha kwa sababu alikuwa na adabu.

Kosa lilizaliwa siku ya kurekodi. Chumba cha kurekodia kilipakana na mashine ya kusaga nafaka. Dada wawili walipoimba kwa nguvu, mngurumo ule haukusikika. Waliponyamaza mwishoni mwa kiitikio, ulisikika kama simba aliyefungiwa stoo. Fundi mitambo alikuwa kijana mwerevu. Kila kiitikio kilipokaribia mwisho, aliipunguza sauti kabla waimbaji hawajamaliza, ili unga usiingie kwenye kanda.

"Akatuambia, 'Mwishoni nimepunguza kidogo tu, akina dada, nani atagundua?'" anasema Dada Mdogo. "Na kweli, hakuna aliyegundua. Hilo ndilo tatizo lenyewe."

Kilichobaki kwenye kanda ni neno lisilo na mkia: *hatukufung*. Masikio ya wasikilizaji yalijazia yaliyopungua, na kati ya maneno mawili yaliyowezekana yakachagua lile la kupendeza. Sikio nalo lina tamaa zake.

Mara ya kwanza kuusikia wimbo wao ukiimbwa na watu wengine, alikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa. Alifurahi mpaka mstari wa tatu. Alidhani wale wanawake waliokuwa mbele yake wamekosea. Wiki ile akakuta barabara nzima imekosea.

Walijaribu kurekebisha. Walipoimba jukwaani walilitamka neno kwa ukamilifu, wakalivuta, wakalikazia. Ukumbi ukaimba juu yao. "Watu mia wakikosea pamoja, wewe uliyepatia ndiye unayeonekana umekosea," anasema. "Mama mmoja alinifuata baada ya ibada akanishika mkono. Akaniambia, 'Usijali mwanangu, hata mimi huwa nasahau maneno.'"

Kuhusu faida ya kanda ile, maelezo yake ni mafupi. Mfanyabiashara aliyeichukua aliwapa vitambaa vya kushona sare na nauli ya kurudi nyumbani. Sare zilipauka. Nauli walipandia.

Lau jambo lingekuwa la sarufi tu, lingestahili barua fupi kwa mhariri, nasi tungemwacha mwanamke huyu na pasi yake. Lakini wimbo ule haukutungwa kutoka kwenye Maandiko peke yake.

Nyumba waliyokulia ilikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alikuwa mvulana, fundi baiskeli, mcheshi, mpenda kamari. Mwaka mmoja aliuza cherehani ya mama yake ili alipe deni la mchezo, na baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa neno moja, akasema mtoto huyo asiingie tena. Meno ya mbwa hayaumani, jirani wakasema, watapatana. Basi mkesha wa Krismasi kaka alirudi. Akabisha. Dada mkubwa alilala karibu na mlango. Mkono wake ukafika kwenye komeo.

"Baba alikuwa chumbani kwake. Hakusema kitu," anasimulia Dada Mdogo. "Alikohoa tu. Kikohozi kile sote tulikielewa."

Kaka akawaita mmoja mmoja. Alipofika kwake alimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na kwa kuwa kaka ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli akiwa amekaa juu ya fremu. "Akasema, 'Kitinda, nifungulie.' Sauti yake haikuwa ya ulevi. Watu husema alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Mimi nikavuta shuka."

Asubuhi walikwenda kanisani wote. Kaka hakuonekana siku ile, wala mwaka ule, wala baadaye. Yupo aliyesema alimwona akipanda lori la mizigo. Yupo aliyesema amefungua karakana katika mji wa mbali, ana watoto. Habari za namna hiyo hazikosekani kwa mtu aliyepotea. Hutolewa bure, na thamani yake ni hiyo hiyo.

Lugha yetu inamwita mtoto wa kwanza kifungua mimba. Kifungua mimba wa nyumba ile ndiye pekee ambaye hakufunguliwa. Dada mkubwa, aliyekuwa na komeo mkononi, alilibeba jambo hilo hadi alipokuwa mtu mzima, kisha akaliweka kwenye wimbo, kwenye neno moja. Neno hilohilo ndilo lililokatwa.

"Sasa fikiri," anasema Dada Mdogo, akikunja joho mikono ndani, kifua juu. "Kama yuko hai, ana redio. Kila Desemba anatusikia dada zake tukiimba kwamba mlango hatukufunga. Yeye alikuwa nje! Atasema nini? Atasema tunamkejeli."

Baba aliishi miaka mingi baada ya wimbo kutoka. Aliupenda. Kanisani alikaa kiti cha mbele na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wote: hatukufunga. "Sijui kama alisikia vibaya au alichagua," anasema binti yake. "Nilitaka kumuuliza. Nikawa nasubiri siku ambayo amefurahi, halafu siku aliyofurahi nikawa sitaki kumharibia." Alizikwa kwa wimbo huo, ukiimbwa hivyohivyo.

Majoho yaliyopo mezani ni ya kwaya moja kubwa ya mjini. Mwaka huu ibada yao ya Krismasi itarushwa redioni moja kwa moja, na mwalimu wa kwaya, kijana mpole mwenye miwani, alimwona Dada Mdogo siku alipoleta majoho, akauliza kama ni yeye. Alimwomba aje aimbe sauti ya kwanza, walau mara moja, watu wamsikie angali hai. Alikubali kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Watu wa duka wanadhani ni kwa sababu ya heshima. Yeye alikuwa amesikia maneno matatu tu: moja kwa moja. Kwenye matangazo ya moja kwa moja hakuna fundi wa kukaa na mkasi.

Mazoezi hufanyika mchana, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni inayozunguka inapotaka. Siku ya kwanza vijana walisimama alipoingia, na mmoja alimpa kiti chenye miguu minne mizima. Kinanda kikaanza. Sauti yake si ile ya kanda tena. Imekwaruzika, moshi wa mkaa haumwachii mtu sauti bure. Ila pumzi ipo. Alipofika mstari wa tatu alilitamka neno lake lote.

Msichana anayeongoza sauti ya kwanza alimgeukia kwa upole. "Bibi, ni *funga*."

"Ni *fungua*, mwanangu."

"Kwenye kanda ni *funga*, Bibi. Nimeusikiliza tangu nikiwa mdogo."

"Kwenye kanda ni mimi."

Kisha sauti ikatoka nyuma, kwenye besi: "Bibi anaongeza ua!" Ukumbi ukacheka, hata yeye akacheka. Katika kwaya, nakshi ambayo mwimbaji huitia mwishoni mwa mstari kwa mapenzi yake huitwa ua, na kwa hesabu ya masikio yao alichokifanya ndicho hicho hasa: aliwaimbia *hatukufung*, kisha akaongeza *ua*.

Mwalimu alimaliza mjadala kwa adabu. "Bibi, maua yako ni mazuri, ila hapa tuimbe kama ilivyo. Watu watadhani tumekosea."

"Kilichokosewa ni hicho mnachoimba."

"Inawezekana, Bibi. Lakini wimbo huu si wako tena. Ni wa watu."

Ni vigumu kumlaumu. Alisema kweli, na aliisema kwa sauti ya chini. Dada Mdogo angeweza kumweleza habari za kaka yake. Hakumweleza. Anasema hakwenda pale kuomba huruma ya watu waliovaa majoho aliyoyapiga pasi mwenyewe.

Jioni ya siku hiyo alikwenda kumshitaki mwalimu kwa mtu ambaye alitarajia kuungwa naye mkono. Dada yake anaishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa tezi shingoni, sauti yake nzito imebaki mnong'ono, na mtu humsogelea ili amsikie, jambo ambalo anasema limemwongezea heshima.

"Mwache kijana wa watu," alinong'ona dada mkubwa alipokwisha kusikiliza. "Nawe acha vita na watoto."

"Dada, ni neno lako!"

"Nalijua ni langu. Waache waimbe hivyo."

"Na kaka akisikia?"

Dada mkubwa alimimina maji kwenye kikombe, akanywa, akakiweka chini. Hana haraka; mnong'ono hauna haraka. "Akisikia hatukufungua, anajua. Alikuwepo. Utakuwa umemwambia nini kipya? Akisikia hatukufunga, labda atasema, ngoja nikaone."

Dada Mdogo anasema alitazama pembeni. Ndipo alipouangalia mlango. Alikuwa ameupita miaka mingi bila kuuangalia. Kwenye mbao, mahali pa komeo, palikuwa na matundu manne ya misumari na alama nyeupe ya kitu kilichowahi kuwepo.

"Komeo liko wapi?"

"Nililing'oa."

"Lini?"

"Watu walipoanza kuuimba vibaya. Nikasema basi, tusiwe waongo."

"Na wezi?"

"Walikuja mara moja. Walipokosa cha kuiba, wakatoka, wakanifungia mlango. Vijana wastaarabu."

Dada Mdogo anasimulia haya bila kucheka, na hadithi haimlazimishi mtu kucheka. Wanawake wawili wamebeba kosa moja kwa miaka, na kila mmoja amelirekebisha upande wake, bila kumwambia mwenziwe. Mkubwa aliuacha wimbo na uongo wake, akaibadilisha nyumba ili ilingane nao. Mdogo aliiacha nyumba, na bado anaudai wimbo ukweli wake. Nani amepatia ni suala ambalo mtu mmoja tu angeweza kuliamua, na wahenga walikwisha kumfungia hata yeye: asiyekuwepo na lake halipo.

"Dada anangoja arudi," anasema Dada Mdogo. "Mimi sijui kama atarudi. Nataka tu, kama yupo mahali, asikie tumesema. Si kwamba tulimwachia mlango wazi. Hatukumwachia. Tulimsikia. Aliniita mimi, kwa jina."

Dukani, Umeme amekatika, wa waya na wa mezani. Amekaa kwenye ndoo yake na anauliza kama kweli Dada Mdogo ataimba na watoto wale, maana amesikia wamemkataza.

"Wamenikataza maua."

"Sasa utafanyaje? Utaimba funga?"

Mkaa unahitaji kupepewa, na yeye hukifanya kila kitu kwa zamu yake. Anaufungua mfuniko wa pasi, anapuliza, cheche zinaruka na kufa. Kisha anaeleza, kama anayeeleza jinsi ya kupiga pasi marinda. Ataimba nao tangu mwanzo. Hatawaaibisha, kwa kuwa ni watoto wazuri na wamempa kiti. Ataimba nao mstari wa kwanza na wa pili, na wa tatu atauanza pamoja nao. Kiitikio cha mwisho kwaya yote hukata sauti kwa pamoja, mwalimu akikunja ngumi, na baada ya hapo kinanda hunyamaza kabla ya amina. Amesikiliza mazoezi. Mahali pale pana ukimya, nao ni mpana wa kutosha.

"Vijana hawana pumzi," anasema. "Wakifika pale watakuwa wamemaliza."

"Na mwalimu?"

"Atakasirika. Majoho yake nitakuwa nimekwisha kuyanyoosha."

Umeme anafikiri. Anasema watu watadhani bibi kapitiliza kwa uzee. Watamwonea huruma, redio nzima itamwonea huruma.

"Wanionee," anasema Dada Mdogo. "Siwaimbii wao."

Amemwomba dada yake aje kanisani siku hiyo. Dada mkubwa amekataa. Anasema lazima mtu abaki nyumbani. Redio atawasha. Atakaa karibu na mlango, kama zamani, na safari hii hakuna cha kushika.

Dada Mdogo anavuta joho jingine, anajaza maji kinywani, na kwa muda hawezi kusema. Ukungu unatoka, kutoka begani hadi kwenye pindo, bila kukatika. Anafuta midomo kwa kiganja.

"Wao waache wafunge," anasema. "Wakishafunga, mimi nitafungua."